Briketi za Virunga zilishindana na kuni, si makala

Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya gorila wa familia ya Rugendo kuuawa, Hifadhi ya Virunga ilianza kuwafundisha wanavijiji wa Kivu Kaskazini kutengeneza briketi. Shabaha ilikuwa kupunguza makala, yaani makaa ya miti. Mji wa Goma unapika kwa makala, na sehemu kubwa ilikuwa ikitoka kwenye msitu wa hifadhi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Majani na nyasi hukatwakatwa, huachwa siku kadhaa yaoze kidogo mpaka nyuzi zilegee, kisha hutwangwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, unga wa mbao na maji mengi. Uji huo humiminwa kwenye bomba lenye matundu, katikati pana kijiti, halafu wenzo wa mbao hubana. Maji huchuruzika, kinachobaki ni kipande cha mviringo chenye tundu. Tundu hilo lina kazi mbili: briketi hukauka ndani na nje, na ikiwaka hewa hupita katikati. Seremala yeyote wa Masisi anaweza kuunda mashine hiyo, wala haihitaji umeme.

Mashine, basi, haikuwa na kosa. Tatizo ni moto. Kilo moja ya makala mazuri hutoa megajuli 28 hadi 30. Majani makavu yaliyobanwa hutoa 15 hadi 17. Na kwa kuwa hayakupita tanuruni, bado yana gesi zake zote, kwa hiyo huwaka kwa ndimi na moshi. Babula, jiko la makala, halikuundwa kwa moto wa namna hiyo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95, na maharagwe huchukua muda mrefu. Mama wa mjini anataka aweke makala, afunike sufuria, aende zake sokoni. Briketi ya majani inataka kuchochewa na kuongezwa kila mara. Mshindani wake halisi ni kuni za mafiga matatu, na kwa mafiga hayo inafaa sana.

Kwa haki, hesabu ya msitu iko upande wa briketi ya majani: tanuru la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala katika kila kilo 100 za mti. Lakini hesabu hiyo haimhusu mnunuzi, aliyelipia moto usio na moshi.

Nairobi kampuni ya Chardust ilishika njia nyingine: ilikusanya vumbi la makaa linalobaki kwa wauzaji na kulifinyanga upya. Vumbi hilo limekwisha kuungua, halina moshi mwingi, ila limepoteza kile kinachoshikamanisha mti, kwa hiyo lazima lipewe gundi. Wanga wa muhogo uliopikwa kuwa uji mzito, kama asilimia 5 ya uzito mkavu, unatosha. Briketi ya vumbi huwaka polepole kuliko makaa ya kawaida kwa sababu ya majivu mengi. Wafuga kuku wanaopasha vifaranga joto usiku kucha huipendea hilo hilo.

Tukirudi Kongo, kwa Hombo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kisangani, ningechagua njia hii ya vumbi. Muhogo upo. Mvua nayo ni nyingi, na briketi ya majani, iliyoshikwa na nyuzi tu, ikinyeshewa kabla ya kukauka hurudi kuwa uji. Ya vumbi pia huogopa maji, lakini ni ndogo, hukaushwa kwenye chanja chini ya paa, karibu na jiko. Jambo la kwanza ni chekeche: vumbi la chini ya gunia huja na mchanga, na mchanga hauungui.

Kuna mpaka wake. Vumbi huweza kufikia sehemu moja ya kumi ya gunia. Anayeokota yote huokoa sehemu hiyo tu, na zile tisa bado zinatoka msituni.