Sifa za Mtunga Faharasa

Simama kando ya barabara pale Changamwe, Mombasa, utazame malori ya mafuta yakitoka upande wa Kipevu kuelekea bara. Namba ya tarakimu nne inayotambulisha shehena hiyo ni 1203 kwa petroli, 1202 kwa dizeli, 1223 kwa mafuta taa. Dereva awe Mkenya, Mganda au Mkongo, namba ni ileile. Kuna watu waliokaa chini wakaipanga kemia yote ili mgeni wasiyemjua aikute siku atakapoihitaji, nami kazi yao naiheshimu kuliko kazi nyingi za vitabuni.

Ugumu wa kazi hiyo huanzia kwenye majina. Kile fundi wa magari anachokiita maji ya betri, mwalimu wa sekondari hukiita asidi ya salfuriki, na vitabu vya zamani vya Ulaya vilikiita vitrioli. Mwaka 1900 Edwin Hill, wa ofisi ya hataza ya Marekani, alitoa kanuni ya kupanga fomula: kaboni itangulie, haidrojeni ifuate, elementi zilizobaki zifuate alfabeti; kaboni isipokuwepo, zote zifuate alfabeti. Ndiyo maana H2SO4 tuliyoikariri shuleni huwa H2O4S kwenye faharasa. Jicho linaikataa mwanzoni, lakini watu wawili wasiowahi kuonana watafungua ukurasa mmoja.

Chemical Abstracts, jarida la muhtasari wa machapisho ya kemia lililoanza kuchapishwa 1907, lilianza mwaka 1965 kuipa kila kemikali namba yake. Ya asidi hii ni 7664-93-9. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi: anza na iliyo kushoto kwake ukirudi nyuma, zidisha zilizotangulia kwa 1, 2, 3 hadi 6, ujumlishe, utapata 129, inayoishia na 9. Karani akikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu inakataa. Napenda sana uungwana huu wa kulifikiria kosa la mwenzako kabla hajalitenda.

Ustadi mwingine ni kujua wakati wa kutenganisha. Katika mwongozo wa dharura unaotolewa na Marekani, Kanada na Mexico, kurasa za manjano hutafutwa kwa namba na za buluu kwa jina. Humo asidi yetu ina namba zaidi ya moja. Ile kali ni 1830, maelekezo namba 137. Iliyozimuliwa, isiyozidi asilimia 51, ni 2796, maelekezo namba 157. Ile kali ikikutana na maji huchemka na kuruka, na mzimamoto huja ameshika mpira wa maji.

Lakini faharasa ya majina humfaa mwenye jina. Katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, hakuwa na fomula wala namba. Alikuwa na mtoto mgonjwa, hadi vipimo vya damu vilipoonyesha madini ya risasi. Madhara ya risasi kwa ubongo wa watoto yalikuwa yameandikwa miongo mingi kabla ya tanuri lile kuwashwa. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye ugonjwa wa mtoto hadi kwenye neno lenyewe. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, fedha ambazo hazimrudishii mtoto yeyote miaka yake.

Kwa hiyo faharasa ninayoithamini kupita zote ni ile inayompokea hata anayekuja mikono mitupu. Vitabu vizuri vya sumu hupangwa pia kwa dalili. Na mwongozo ule wa dharura una maelekezo namba 111, kwa shehena isiyotambulika: tenga eneo la angalau mita 100 kila upande, simama upande upepo unakotokea, wazuie watu wasisogee, kisha anza kutafuta jina.