Kombe, Maji Yakijaa

Watu wa pwani ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wana msemo wa mtu aliyejaa furaha: ana raha kama kombe maji yakijaa. John Russell Bartlett aliuingiza katika kamusi yake ya Kiingereza cha Marekani mwaka 1848. Siku hizi wengi wakiusema wanaishia kwenye neno kombe. Maji yametupwa, na mchimbaji wa kombe, ambaye naamini ndiye aliyeuzaa msemo, ametupwa pamoja nayo. Hilo linaniuma.

Aliyekulia pwani ya kwetu ameshaelewa. Maji yakipwa, kombe aliyejifukia topeni hana pa kukimbilia. Yakijaa, hakuna mkono unaomfikia.

Mtazame mchimbaji wa Ipswich au Essex, huko Massachusetts, anapoingia topeni. Buti zimempanda hadi mapajani, na mkononi ana uma wa meno marefu wenye mpini mfupi, kwa hiyo kazi yote ni ya kuinama. Haanzi kuchimba. Kwanza anatafuta vitundu juu ya tope, pale kombe anapotokeza shingo yake kuvuta maji. Akikanyaga karibu, shingo hurudi ndani na maji huruka juu. Kombe amejitaja mwenyewe. Uma hauchomwi juu ya tundu, maana gamba la kombe huyu ni jembamba na huvunjika upesi. Huchomwa pembeni, tope likapinduliwa taratibu, kisha vidole vikaingia kumtoa. Asiyetimiza inchi 2 huachwa akue, ndiyo sheria. Yote hayo ni ya saa chache tu, kabla bahari haijarudi.

Nani angetunga msemo ule kama si mtu huyu, amesimama kando, mgongo unamuuma, analiangalia tope lake likifunikwa? Furaha inayosemwa pale ni ya kiumbe aliyeponea chupuchupu, na anayeitambua ni yule yule aliyekuwa akimwinda. Ni heshima adimu hiyo. Anayeukata msemo anabaki na kombe mwenye furaha isiyo na sababu, na ndiyo maana wengine wamezua kwamba gamba likifunuka hufanana na tabasamu.

Na kwetu? Wamo vijana wanaolala wakiisikia bahari, wasijue leo ni bamvua au maji mafu.

Mwalimu wa Kiingereza, ukiufikia msemo huu darasani, usiukate. Mpe mwanafunzi kombe pamoja na maji yake, kisha mweleze habari za aliyekuwa na uma.