“Tumefanya Nini?”: Jina na Lawama katika Riwaya ya Takadini

Riwaya ya Takadini ya Ben J. Hanson, ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari nchini Tanzania, imebeba swali katika jina lake. Kwa Kishona, takadini ni “tumefanya nini?” Makala haya yanadai kwamba uzito wa riwaya umo katika nafsi ya wingi ya swali hilo.

Sekai, aliyekaa miaka mingi bila mtoto miongoni mwa wake wenza, anajifungua mtoto zeruzeru. Mila inataka mtoto auawe. Mama anatoroka naye. Ni rahisi kulisikia jina hilo kama kilio cha mama mmoja. Hata hivyo, jina halisemi “nimefanya nini”. Wingi wake unamhusisha Makwati, mume aliyebaki kijijini, pamoja na wazee wanaoilinda mila. Sekai anapopokewa na mzee Chivero katika kijiji cha Masasa, swali linahamia kwa wenyeji.

Elimu ya urithi inauthibitisha wingi huo. Ualbino, yaani ukosefu au upungufu wa melanini katika ngozi, nywele na macho, kwa kawaida hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Wote wawili huweza kuwa na rangi ya kawaida huku wakibeba jeni husika, na kila mimba yao huwa na uwezekano wa 1 kati ya 4. Riwaya inayosawiri jamii ya kale haiwajibiki kueleza hayo. Mwalimu asipoyaeleza, lakini, mwanafunzi ataweza kumhurumia Sekai huku bado akimshuku.

Kasoro ya riwaya iko kwingine. Upigaji mbira unamjengea Takadini heshima, kana kwamba haki ya kuishi hungoja kipaji. Je, asiye na kipaji angepokewa?

Suala hili halikomei darasani. Katika karne hii, watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu za kishirikina nchini Tanzania, Burundi na Malawi. Kwa hiyo swali la Sekai lina majibu mawili. Kuhusu kuzaliwa kwa mtoto, hakuna aliyekosa. Kuhusu aliyotendewa baada ya kuzaliwa, jamii nzima ina la kujibu.