Chai Kuliko Kahawa

Lipo swali la mtihani wa Kiingereza ninalolikumbuka mpaka leo. Tulitakiwa tujaze neno moja: "I prefer tea … coffee." Mie nikajaza "than". Jawabu ni "to". Nusu ya darasa walijaza kama mie, na mwalimu akatwambia hatufikiri. Si kweli. Tulifikiri, ila kwa Kiswahili: napenda chai kuliko kahawa.

Cheti changu hakikuwa cha kujivunia. Siku hizi naandika riwaya, na maswali yale nayasoma tena kama mhakiki asomavyo hadithi. Nakiri kwamba mengine yana haki. Chukua mfano huu, nautunga mwenyewe: "The price of fish in Darajani is higher than Nungwi." Kosa, maana bei imepimwa kwa kijiji. Kiingereza kinataka "that in Nungwi". Sisi tunamaliza kwa silabi moja: bei ya samaki wa Darajani ni kubwa kuliko ya Nungwi. Ile "ya" inairudia bei. Ukisema "kuliko wa Nungwi", umeshapima bei kwa samaki! Kumbe na sisi tuna mizani yetu, ila hatukuonyeshwa.

Lawama yangu ni nyengine. Maswali haya yanakaririsha viungo bila ya mwili. "Not only… but also" tumeikariri mpaka imehamia kwenye hadithi zetu. Mswada wangu wa kwanza ulianza hivi: "Si kwamba tu bibi yule alikuwa maskini, bali pia alikuwa mgonjwa." Rafiki yangu aliusoma tumekaa Forodhani, akaniuliza, "Sasa huyu bibi anaumwa au anajibu mtihani?" Niliona haya, lakini alisema kweli. Bibi yangu mie angesema, "Maskini, tena mgonjwa." Basi.

Hebu tazama wazee walivyopanga: "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Leo imepimwa na jana, na hamna hata "kuliko" moja. Au "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi": kitenzi kile kile, kiungo kwa kiungo. Adam Shafi naye riwaya yake ya 1999 aliiita *Vuta N'kuvute*. Kitendo kimoja, watu wawili, kila mmoja na upande wake wa kamba.

Kwa hivyo, wenzangu chipukizi, mtihani tusiutupe wote. Tuchukue lile swali lake zuri: unapima nini kwa nini? Ukiandika "mzuri kuliko wote", wote ni nani, na uzuri upi? Lakini jawabu tulitafute kwa watu wetu wanavyosema.

Mswada nimeuanza upya. Sentensi ya kwanza nimeiazima kwa bibi.