Kabla ya kudai neno halimo, chunguza ritifaa

Kuna mtindo unaozidi kuota mizizi miongoni mwa watafiti wetu wa lugha. Mtu anakusanya matini kwenye tarakilishi, anafungua dirisha la amri, anatafuta neno kwa programu ya grep, kisha anatangaza idadi aliyopata. Akipata sufuri, basi neno hilo halitumiki! Hitimisho la aina hii lina walakini.

Hebu tuchukue jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kuna wanaoliandika bila viwimbi juu ya u na i. Wanaoviweka nao wamegawika, kwani Yunikodi huruhusu ũ iandikwe kama herufi moja iliyokamilika, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi chake. Machoni ni kitu kimoja. Kwa grep ni vitu viwili. Ongeza ritifaa, ambayo kwenye kibodi imenyooka lakini programu nyingi za kuandikia huipinda. Tatu mara mbili ni sita. Anayetafuta sura moja anazikosa 5 zilizosalia.

Wapo wanaopendekeza tufute alama hizi zote ili kurahisisha kazi. Siwaungi mkono. Ondoa ritifaa, na ng'oa, kama kung'oa mti, inageuka ngoa, yaani wivu au uchu. Gĩkũyũ nayo ina irabu 7. Futa viwimbi, zinabaki 5 katika maandishi. Hiyo ni dawa ya kumuua mgonjwa.

Wengine wanalaumu mashine kwamba iliundiwa Kiingereza. Zamani ilikuwa kweli. ASCII ya mwaka wa 1963 ilikuwa na nafasi 128 tu, na grep ya Ken Thompson ilizaliwa katika ulimwengu huo miaka ya 1970. Lakini ni Thompson huyo huyo, akishirikiana na Rob Pike, aliyebuni UTF-8 mwaka wa 1992, inayobeba herufi zote za Yunikodi. Kisingizio hicho kimechakaa.

Tufanyeje basi? Mosi, andika amri locale uone kama tarakilishi yako inatumia UTF-8. Ikiwa iko kwenye C, grep husoma baiti badala ya herufi. Ũ iliyokamilika ni baiti 2, hivyo nukta inayosimamia herufi moja haiitoshi.

Pili, grep ikidai faili yako si matini, huenda iliandikwa kwa usimbaji wa zamani. Igeuze kwa iconv.

Tatu, sawazisha matini kabla ya kuhesabu. Programu ya uconv inaweza kuunganisha herufi na viwimbi vyake, lakini kuunganisha huko hakugusi ritifaa. Hiyo ibadilishe mwenyewe, iwe ya sura moja kote.

Nne, unapotafuta ng'ombe, lizingire neno kwa alama za kunukuu zenye vistari viwili. La sivyo, dirisha litadhani ritifaa inafungua nukuu, nalo litabaki likikungoja uifunge.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Kamusi hujengwa kwa takwimu za aina hii, na neno lililohesabiwa sufuri huachwa nje. Wasimamizi wa tasnifu wamdai kila mwanafunzi aeleze alivyosawazisha matini yake kabla ya kukubali idadi yoyote. Neno lisiloonekana na neno lisilokuwepo ni mambo mawili tofauti.