Sitiari ya Mtaji Unaorudi katika Msamiati wa Kamari wa Kikantoni
Katika Kikantoni cha Hong Kong na Macau, mcheza kamari aliyeliwa fedha husema anataka faan bun, yaani kurudisha mtaji. Neno bun, ambalo asili yake ni shina la mti, huifanya fedha iliyopotea ionekane bado ni mali ya mchezaji. Tafsiri ya “kufidia hasara” haitoshelezi, kwani hukiri hasara ambayo faan bun huificha. Ukwepaji huo hudhihirika pia katika almanaka ya Tung Syu, iliyopewa jina la Tung Sing kwa kuwa syu, “kitabu”, hutamkwa sawa na “kushindwa”, ilhali sing ni “ushindi”. Hivyo, tasfida hapa si pambo: humbakiza mchezaji mezani, akiamini anadai kilicho chake.