Kiangazi cha nyasi za Kitale huanza Oktoba

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Novemba, Kitale hupata karibu mvua yake yote ya mwaka, milimita 1,200 hivi. Kisha mbingu hufunga. Desemba, Januari na Februari ni miezi ambayo mkulima wa Saboti huishukuru, maana mahindi yake yanakauka vizuri kabla ya kupelekwa ghalani. Jirani yake anayetunza uwanja wa gofu huiona miezi hiyo hiyo kwa jicho lingine kabisa. Ana mashimo 18, maji kidogo, upepo mkavu unaovuma tangu saa nne asubuhi, na wachezaji wanaotaka kila kitu kiwe kijani kama Juni.

Wengi husema jua ndilo linaloua nyasi. Kwa mahali kama Kitale, sikubaliani nao. Mji huu uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari joto hufika nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi 11 au 12. Nyasi za maeneo ya joto hustawi zaidi kati ya nyuzi 27 na 35, kwa hiyo jua letu kali kabisa linaangukia pale pale zinapopenda. Usiku wa baridi nao unazisaidia, kwa kuwa mmea hutumia sukari kidogo kupumua gizani na akiba inabaki kwenye mizizi. Dubai, ambako Emirates Golf Club ilifungua uwanja wa kwanza wa nyasi katika jangwa la Ghuba mwaka 1988, hakuna nafuu hiyo. Usiku wa Agosti wenyewe ni moto. Kusini mwa Marekani, viwanja vilivyopanda nyasi laini za nchi za baridi hulazimika kuzirushia manyunyu ya maji adhuhuri ili zisiive. Kitale haihitaji hayo. Kinachoua nyasi hapa ni mambo mawili yanayofanywa na binadamu: kuzikata chini mno, na kuzinywesha kidogo kidogo kila siku.

Tuanze na nyasi zenyewe, kwa sababu nusu ya kazi ilishafanywa na asili. Feawei, yaani ule ukanda mpana ambako mpira husafiria, katika nyanda hizi za juu aghalabu ni nyasi za Kikuyu, Pennisetum clandestinum. Hizi ni mali ya milima ya Afrika Mashariki, kati ya mita 1,500 na 3,000. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo, zikasambaa zenyewe, na leo ndizo zinazofunika feawei za Riviera Country Club huko Los Angeles, uwanja ulioandaa mashindano ya U.S. Open mwaka 1948. Huko wanazitunza kwa gharama kubwa; huku zinamea kando ya barabara ya Kitale kwenda Endebess bila kupandwa na mtu. Shina lake hutambaa chini ya udongo na juu yake, na mizizi hushuka zaidi ya mita moja ikipewa nafasi. Kwenye grini, ile sehemu ndogo yenye shimo na bendera, nyasi inayofaa joto ni ukoka mwembamba wa jamii ya Cynodon. Aina nyingi za ukoka wa gofu duniani zinatokana na kazi ya Glenn Burton wa Tifton, Georgia, aliyechanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Tifgreen ilitolewa mwaka 1956.

Mwaka huo huo wa 1956 Kenya Seed Company ilianzishwa Kitale, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mbegu za malisho, kabla mahindi chotara hayajaipa jina. Kituo cha utafiti wa nyasi kilikuwa tayari hapo mjini. A. V. Bogdan, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo hicho, aliandika mwaka 1977 kitabu cha malisho ya nchi za joto ambacho wanafunzi wa kilimo bado wanakifungua. Nalitaja hili kwa makusudi. Ujuzi wa jinsi nyasi inavyostahimili ukame ulikusanywa katika mji huu, kwa ajili ya ng'ombe, na kila neno lake linahusu gofu pia. Ng'ombe na moa, ile mashine ya kukatia nyasi, ni wakataji wawili wa mmea mmoja.

Sasa hesabu ya maji, maana bila hesabu hii mengine yote ni porojo. Januari Kitale, jua na upepo huweza kuvuta kutoka ardhini milimita 5 hivi kwa siku. Nyasi za joto hutumia kama asilimia 70 ya hizo, yaani milimita 3.5. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Grini ya mita za mraba 500 basi inataka lita 1,750 kwa siku, na grini 18 zinataka lita 31,500. Hiyo ni safari tatu na ushei za bauza la lita 10,000. Ni kazi, lakini inawezekana. Feawei ni habari nyingine. Tuchukue hekta 12. Zinataka lita 420,000 kila siku, safari 42 za bauza, au mitungi 21,000 ya lita 20.

Ukiitazama hesabu hiyo, uamuzi unajitoa wenyewe: grini zinanyweshwa, tii, pale mpira unapopigiwa mara ya kwanza, zinapata kidogo, feawei zinaachwa zilale. Katika miezi hiyo kuna mitaa ya Kitale ambako mama anapanga foleni na mtungi, na mimi naona ni kosa kumwaga maji ya kunywa kwenye feawei ili wachezaji waone kijani. Tena hakuna haja. Nyasi za Kikuyu zikikauka juu hazijafa. Ng'oa shina moja la kutambaa katikati ya Februari, ulikwaruze kwa ukucha: ukiona weupe wenye unyevu ndani, mmea uko hai na unasubiri. Mpira unadunda na kukimbia mbali zaidi juu ya nyasi iliyolala, jambo ambalo wachezaji wa pwani za Uskoti huliita raha ya mchezo. Feawei ya rangi ya hudhurungi mwezi wa Februari ni feawei inayotunzwa ipasavyo, na kamati za viwanja zingewaeleza wanachama hivyo waziwazi.

Lakini nyasi haiwezi kulala salama kama imeingia kitandani ikiwa dhaifu, na hapa ndipo Oktoba inapoingia. Mizizi hufuata majani. Ukikata jani fupi, mzizi nao hufupika, kwa kuwa jani ndilo jiko la mmea. Kanuni ya wakataji ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Feawei iliyokuwa ikikatwa milimita 12 wakati wa mvua ipandishwe hadi 18 au 20 kuanzia Oktoba, ili kufikia Desemba mizizi iwe imeshuka ikifuata unyevu unaorudi chini. Grini inayokatwa milimita 4 ipandishwe hadi 5 au 6. Milimita moja inaonekana si kitu. Kwa jani la milimita 4, ni robo nzima ya jiko. Mpira utatembea polepole kidogo, na wachezaji watanung'unika kwa wiki mbili.

Kisu cha moa nacho kina usemi wake. Baada ya kukata, piga magoti, uangalie ncha za majani. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka, ya kijani hadi mwisho. Kisu butu huchana. Ncha hubaki na nyuzi nyeupe, kesho yake zinageuka kahawia, na kila uzi ni mlango wa maji kutoka. Uwanja mzima huweza kuonekana umeungua ilhali ni visu tu havijanolewa.

Kwa mbolea, wengi hukosea kwa wema. Wanaona nyasi inafifia Desemba, wanarusha CAN, mbolea ya naitrojeni. Naitrojeni huamrisha mmea utoe majani mapya, majani mapya yanataka maji, na maji hayapo. Naitrojeni ya mwisho iwe Oktoba, na iwe kidogo. Kinachohitajika kabla ya kiangazi ni potasiamu, kwa sababu ndiyo inayosaidia mmea kufunga vitundu vya majani maji yanapopungua. Jambo la chokaa lisisahauliwe pia: udongo wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, una tindikali, wakulima wa mahindi wanalijua hilo vizuri, na mzizi unaoota kwenye tindikali kali hubaki mfupi hata ukiupa mvua ya Mei. Pima udongo kwanza. Chokaa ya Koru hufanya kazi polepole, kwa miezi, kwa hiyo anayeiweka Januari anafikiria kiangazi kijacho.

Turudi kwenye grini, maana huko ndiko maji yanakokwenda na ndiko makosa yanakojificha. Grini nyingi za zamani zilijengwa kwa kurundika udongo wa hapo hapo, udongo mwekundu wa mfinyanzi. Zile za kisasa hufuata muundo ambao chama cha gofu cha Marekani kilitangaza mwaka 1960: sentimita 30 za mchanga juu ya kokoto. Grini ya mchanga hunyweshwa mara kwa mara kwa sababu haina pa kuweka akiba. Grini ya udongo mwekundu ina akiba kubwa, ila mlango wake ni mwembamba, na kuimwagia haraka ni kuyatuma maji yateremke kandoni.

Chukua kisu kirefu, ukate kipande cha grini chenye kina cha kidole, ukilaze kiganjani. Juu kuna kijani. Chini yake kuna tabaka la kahawia la mashina na mizizi iliyokufa, linalonesanesa ukilibonyeza. Kisha udongo. Sasa dondosha tone la maji kwenye ubavu wa kipande hicho, hapo tabaka la kahawia linapokutana na udongo. Kama tone linakaa duara juu yake kama shanga na halizami, umeugundua ugonjwa. Udongo uliokauka kupita kiasi hujipaka mabaki ya mimea yenye nta na hukataa maji. Mtu anaweza kusimama hapo na bomba saa nzima, juu kukalowa, sentimita tatu chini kukabaki vumbi. Yale mabaka makavu yenye umbo la ovyo yanayojitokeza kwenye grini mwezi wa Januari aghalabu ni hayo.

Dawa yake ni matundu. Uma wa bustani wenye meno membamba uzamishwe kila sentimita tano hadi nane ndani ya baka, utikiswe kidogo, kisha maji yaende polepole, yasimame, yaende tena. Matundu makubwa ya grini nzima, yale ya kutoa vijiti vya udongo na kujaza mchanga safi wa mto, yafanywe Septemba au Oktoba wakati mvua bado ipo ya kuponya vidonda. Kutoboa grini nzima Januari ni kuikausha kutoka ndani.

Kuhusu ratiba, grini ya udongo ipewe milimita 12 hadi 15 kila baada ya siku nne. Milimita 3 kila jioni hulowesha sentimita mbili za juu, na mizizi hubaki huko huko juu ikingoja. Siku bauza likiharibika, nyasi hiyo haina siku mbili. Saa nzuri ya kumwagilia ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Usiku wa Kitale hutoa umande hata kiangazi, kwa hiyo majani yameshalowa. Maji ya alfajiri hayaongezi muda wa kulowa, ya jioni huongeza saa nyingi na kualika ukungu. Kisha mfanyakazi apitishe mwanzi mrefu juu ya grini, kutoka upande hadi upande, matone yaanguke kabla jua halijapanda. Ni kazi ya dakika chache, na inapunguza magonjwa.

Nyasi yenyewe husema inapoona kiu. Tembea juu yake saa nane mchana, ugeuke. Nyayo zikifutika mara moja, mmea una maji. Zikibaki, na rangi ikiwa imeingia kijivu cha bluu, imebaki siku moja kabla ya madhara. Mara nyingi mabaka ya kwanza huonekana upande ule ule kila mwaka, upande wa mikaratusi. Mti huo hunywa chini ya grini bila kuonekana. Mtaro wa kina cha mita moja kati ya mti na grini, ukichimbwa Novemba na kufukiwa tena, hukata mizizi inayoiba na kuokoa maji ya bauza kadhaa hadi Machi.

Mvua ya kwanza ikinyesha, vuta subira. Nyasi iliyolala hutumia akiba yake ya mwisho kutoa majani, na moa ikiingia siku hiyo inakula akiba hiyo. Subiri mvua mbili au tatu za kuzama, uone kijani kimeenea, ndipo ukate kwa urefu ule ule wa kiangazi, na ndipo CAN itoke ghalani. Urefu wa milimita 12 urudi mwishoni mwa Aprili. Palipokufa pazibwe kwa vipando vya shina, si mbegu: kipande chenye mafundo matatu, mawili chini ya udongo na moja juu, sentimita kumi kutoka kimoja hadi kingine, na gugu la sangari ling'olewe mapema kwa mikono kabla halijatangulia kufunga nafasi.